Mikrogramu Hamsini

Ilikuja na treni ya usiku kutoka pwani,
ndani ya boksi jeupe, jepesi kama mzinga uliohamwa na nyuki.
Ndahani aliipakata toka stesheni hadi huku kilimani, chuoni.
"Chukua mtoto wako, Nyemo," akasema, "anafuka moshi."
Barafu kavu ilibaki kipande cha sabuni ya mche.

Nimeajiriwa kusoma lebo, basi nikasoma.
Asili: mwanadamu.
Imetengenezwa ndani ya bakteria.
Nyuzi themanini chini ya sifuri.
Kwa utafiti tu. Si kwa tiba.

Mwanadamu gani?
Hana jina, hana ukoo,
hana mahali kilipozikwa kitovu chake.
Sentensi moja ya mwili ilinakiliwa,
ikatiwa katika kidudu cha utumbo,
na kidudu, kisichojua ndoa,
kinachozaa kwa kujipasua tu,
kikaitamka yote bila kuielewa
kama sisi darasa la pili tulivyoimba tebo.

Nilimweleza dada yangu Mbeleje kwa simu,
yeye akipepeta mpunga, Bahi.
Unaijua doti ya khanga: vipande viwili, jina moja.
Mwilini umerithi doti ishirini na tatu,
katika kila doti kipande cha baba, kipande cha mama,
ua lile lile, rangi zimepishana kidogo.
Wakati wa kutengeneza yai
kila kipande humtafuta mwenzake gizani,
hulala pindo kwa pindo.
Ndipo mkasi unapita.

"Mkasi?"

Mkasi, dada. Hukatwa makusudi.
Na protini hii ndiyo mkono unaoushika uzi uliokatika,
unautembeza juu ya nguo ya jirani,
unapapasa, unapapasa,
hadi ukutane na ua linalofanana, uushone hapo.
Cha baba kinaingia kwa mama, cha mama kwa baba,
kisha vipande huagana,
na mtoto huvaa khanga
ambayo hakuna duka lililowahi kuiuza.

"Na mkono ukitetemeka?"

Sikujibu upesi.
Upepo wa Julai ulikuwa unasugua madirisha kwa vumbi jekundu.
Ukitetemeka, nikasema, mshono hutatuka.
Mimba hukaa wiki nane, pengine kumi.
Upande wa pili ungo ukanyamaza.
Watatu wamemuaga hivyo,
na mama mkwe hupita uani akisema, asimtaje mtu,
kwamba kuna mashamba yana chumvi.

"Hicho kichupa," akasema taratibu, "mtu akikimeza?"

Si kwa tiba, nikasema.
Nikajisikia lebo.

Saa nane usiku umeme ukakatika,
jenereta likakohoa, likakataa.
Nilikitoa kichupa kwenye friza kwa koleo,
nikakizika katika ndoo ya barafu,
nikakaa sakafuni karibu yake na koti la mlinzi begani.
Mkono wangu ulikuwa na baridi, ukataka kukishika.
Usikishike, nikauambia.
Kitu cha mwanadamu, na kiganja cha mwanadamu kingekimaliza.
Nikabaki nakitazama tu,
kama watu wanavyomtazama mgonjwa kupitia kioo.

Asubuhi umeme ulirudi bila kuomba radhi.
Pipeti, matone mawili, uzi uliokatwa, uzi mzima.
Dakika thelathini kwenye joto la tumbo.
Nikawasha taa ya zambarau juu ya jeli,
nikainama hadi pumzi yangu ikatia ukungu kwenye kioo.

Simu ikatetemeka mfukoni.
Mbeleje hanaga salamu ndefu:
"Mkono umeshika?"

Nikahesabu tena mistari ile hafifu.
"Umeshika," nikaandika. "Mara moja kati ya nne."

Kimya. Nikafikiri amerudi kwenye mpunga wake.

"Rudia basi."