Ililala Nzima

Simu yangu ililala nzima.
Niliichomeka ukutani saa nne, nikaigeuza kifudifudi
mwanga wake usimwamshe Bi Rayya,
nayo usiku, bila hodi, ikajisasisha.
Alfajiri ikanipokea kwa herufi mpya, nyembamba,
kama mgeni aliyevaa nguo za mwenyeji:
Karibu. Tumekuboreshea.

Kila kitu kipo. Saa ipo. Dira ya kibla ipo.
Picha za mapacha zipo, mia tatu na kitu.
Ila kile kidude chekundu cha kampuni ya laini,
ninachonunulia bando la wiki kwa riali mbili,
nakigusa, kinafunguka nusu,
kinazunguka, kinazunguka,
kinanifungia mlango usoni.

Mara ya kwanza nilidhani kidole kina unga.
Mara ya tisa nikakisomea dua.

Jumatano Ibra ina soko la wanawake.
Bi Rayya anapapasa vitambaa, ananusa ubani,
anagombea bei kwa Kiarabu,
kisha ananigeukia kwa Kiswahili cha Tabora alikozaliwa:
"Nyamizi, mbona umenuna kama mtu aliyeibiwa?"
Sijaibiwa, Bibi. Nimeboreshewa.

Akacheka mpaka akashika ukuta. Akanipa nusu saa.

Dukani kwa Shaji simu kumi na tatu
zimelazwa juu ya kioo kama dagaa juani,
zote ugonjwa mmoja.
Dereva wa lori anaitikisa yake kama chupa ya dawa.
Mwalimu wa Kimisri anailaumu kwa sauti ya darasani.
Shaji ana lugha nne, na zote anazisema mbio:
"Futa. Pakua tena. Weka namba ya kadi."

Nikafuta. Nikapakua.
Hapo ndipo kidude kikaniuliza mimi ni nani.

Laini ina jina la Saif, mtoto wa Bi Rayya.
Namba ya uthibitisho ikaruka hadi Duqm,
kwenye simu ya Saif, mfukoni mwa Saif,
naye Saif yuko mtamboni, au barabarani, au usingizini.
Sekunde sitini.
Hamsini na tisa.
Miaka minne naiita namba hii yangu.
Nimeiandika kwenye madaftari ya watoto,
nyuma ya picha, ndani ya kifuniko cha sanduku.
Kumbe nilikuwa mpangaji.

Sifuri.

Saa tano ya Ibra ni saa nne ya Tabora.
Shule imefungwa; Kulwa na Doto wako kwa shangazi yao,
wamechana nywele, wananingoja kiooni.

Shaji akavuta droo ya chini kabisa, ile inayokwama.
Vocha za kukwangua, pembe zimejikunja.
"Hizi hata kampuni imezisahau."
Nikakwangua kwa sarafu ya baisa hamsini,
vumbi la fedha likaniingia kuchani.
Nyota, tarakimu, reli.
Ikakubali. Haikuniuliza mimi ni nani.

Ikaita. Sauti tupu, bila sura.
"Haloo, mama."
Doto?
"Mimi Kulwa."

Kwenye video namjua kwa kovu la nyusi.
Kwenye video huwa naangalia: meno, kola ya shati,
ukuta ulio nyuma yao, kama bati nililotuma hela limepigwa.
Kusikiliza, sikumbuki.
Sasa hii sauti imeshuka, ina mchanga ndani,
ikavunjika katikati ya shikamoo,
ikapanda juu, ikaona haya, ikashuka tena.

Tangu lini?
"Tangu lini nini?"
Hiyo sauti.

Kimya. Doto akacheka kwa mbali, wake bado mwembamba.
"Tangu mfungo, mama. Mbona tunaongea kila wiki?"

Riali ikaishia hapo.

Bi Rayya yuko mlangoni na mfuko wake wa ubani.
Shaji ananiambia kidude kitapona, kesho, keshokutwa,
kampuni inajua, niwe na subira.

Nikamuuliza vocha zimebaki ngapi.
Saba.
Nipe nne, nikamwambia. Tatu niwekee.