Fomu ya Kisima

Ni ofisi iliyonituma, shangazi, si mimi.
Fomu ina kurasa nne
na kalamu nimeifunga uzi isipotee.

Jina la mwenye maji, yauliza.
Sheria yasema maji yote ni ya Jamhuri,
hata haya yaliyojificha chini ya mchanga wa Shela,
hata ya birika lako, mle samaki watatu
wanamokula viluwiluwi vya mbu tangu utoto wangu.
Basi nakuandika "mtumiaji".
Mtumiaji nani? wasema.
Kisima hiki nimezaliwa nikakikuta. Andika hivyo.

Ushahidi wa haki ya kuchota.
Hoteli ya ukuta mweupe ilileta hati tisa,
ramani ya rangi, muhuri ungali mbichi.
Pampu yake hunguruma baada ya isha
mpaka muadhini akohoe kwenye kipaza sauti.
Wewe umenishika mkono, umeupitisha ukingoni,
kwenye mifuo iliyochimbwa na kamba katika jiwe.
Mmoja wameza kidole hadi pingili ya pili.
Fomu haina nafasi ya kidole.

Nimetumbukiza kipimo, namba ikapanda.
Ukachota kikombe, ukaonja, ukatema:
Chumvi imeingia tangu Rajabu.
Mashine na ulimi havikugombana.

Lakini tuseme kweli, maadamu niko kazini:
nawe wauza madumu thelathini kwa siku,
punda wa Mbwarahaji aujua mlango wako kuliko mimi,
na kisima cha Bi Rukia, pili ya ukuta,
kilikauka mwezi uo huo
ulipoteremsha bomba lako futi tatu.
Hamjaamkiana tangu Idi.
Ukuta umegawa vyumba, umegawa kivuli,
umegawa hata harufu ya mchuzi;
chini haukufika. Chini ni maji mamoja.

Pingamizi zitapokewa ndani ya siku thelathini,
kwa maandishi, saa za kazi.
Ya hoteli dhidi yako imechapwa, ina wakili.
Ya Bi Rukia ni ya penseli,
nyuma ya karatasi ya dawa za presha.
Zote mbili zimo mkobani mwangu.
Sijakwambia.

Umenijazia kikombe kile kile.
Nimekunywa chote, maana mgeni hatemi,
nikaruka sehemu ya tatu,
nikaizungushia kalamu uzi wake
mara nyingi kuliko ilivyohitaji.