Kioo cha Ami Muhenna

Duka la ami Muhenna, Ruwi, nyuma ya kituo cha mabasi:
ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili.
Saa mia zisizokubaliana,
feni inayozunguka kwa kinyongo,
na ami, jicho moja limemezwa na lenzi
aliyoibana kati ya nyusi na shavu
kama mtu anayezuia siri isidondoke.

Nilikuwa na miaka tisa. Nikauliza:
inaongeza nini?
Akaichomoa, ikamwachia duara jekundu kwenye ngozi.
"Haiongezi. Gurudumu hili lina meno kumi na tano,
utazame usitazame."

Akanipa gazeti. "Sogeza herufi jichoni."
Nikasogeza. Ikakua, ikakua,
halafu ikawa ukungu.
"Hapo ndipo mpaka wako. Shibiri moja, haifiki,
jicho linasalimu amri.
Sasa tia kioo."
Nuni ikatulia,
nukta yake nene kama kokwa ya tende.

"Mwanga ukitoka kwenye wino hutawanyika ovyo
kama watoto waliofunguliwa chuoni.
Kioo kinaupinda, unafika kwako na adabu.
Nalo jicho, maskini, halijui kona:
hudhani kila mwale umekuja moja kwa moja,
linaufuata kinyumenyume
hadi kwenye herufi isiyokuwapo,
pana, mbali kidogo, imetulia."

"Kwa hiyo ni uwongo?"

"Uwongo wenye kipimo."

Waarabu huiita adasa, nduguye adesi tunazopika,
na kweli: tumbo mbele, tumbo nyuma, ukingo mwembamba.
Nikainyoosha mkono mzima kuelekea mlangoni
na Ruwi yote ikapinduka:
basi la Sohar likatambaa darini,
milima ya mawe ikaning'inia kama popo,
wapita njia wakitembelea vilemba.

Julai moja ami aliisahau dirishani.
Jua likajikusanya, nukta moja tu,
likatoboa daftari la madeni
palipoandikwa Thuwaini wa mikate.
Thuwaini akaja, akachungulia tundu, akacheka:
"Jua limenisamehe, wewe nani?"

Halafu siku ile bibi Zuweina alipokuja
na picha ndani ya leso, ndani ya mfuko wa nailoni.
Shule ya wasichana, Wete. Mistari mitatu.
Dada yake nyuma kabisa,
uso mdogo kuliko punje ya mtama.
"Nataka kujua alivaa vipuli vyangu
au alivificha."

Ami akampa lenzi ya mara tatu.
Bibi akainama. Akanyamaza.
"Namwona. Sivioni."
Ya mara kumi. Akashika meza.
"Hapa pana kitu kinang'aa. Kuza."
Ya mara ishirini, ile ya almasi,
isiyotoka kwenye kijaluba chake ila kwa wateja wa Mutrah.

Uso ukachanguka.
Shavu likawa changarawe, jicho likawa chembe nne nyeusi,
na sikio, sikio lenyewe,
likawa mchanga juu ya mchanga.

"Kuza tena."
"Mama, imeishia hapa."
"Una vioo chungu nzima, Muhenna."
"Nikikuza tena nitakukuzia karatasi."

Mimi niliyeshika taa nilikuwa najua kila kitu,
miale, mpaka, kona,
wala sikujua hili:
kwamba kitu kinaweza kuwa kikubwa
na kuzidi kutokuwapo.

Bibi hakulia. Alikuwa mtu wa kukasirika.
Aliisukuma ile ya almasi kando
kama sahani ya chakula kilichochacha.
"Nirudishie ya kwanza."

Akakaa na ile ya mara tatu hadi alasiri ikaadhiniwa,
saa mia zikabisha kila moja na lake.
Pumzi yake ilikuwa ikitia ukungu kwenye kioo;
ami akakifuta kwa ncha ya kanzu, akamrudishia,
akakifuta tena,
na saa ya mteja ikangoja mezani, tumbo wazi.