Dhiki ya Daraja la Kwanza

Chumba ni cha nyuma, kwenye stesheneri ya Likunda, Chikongola.
Upande wa pili wa pazia mashine ya fotokopi inakohoa,
inatema vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa watu.
Kwangu ni saa kumi na mbili jioni, kwake saa tatu asubuhi;
kikombe chake kinafuka mvuke kwenye kioo cha kompyuta.

"Hujambo, Somoe?" aliuliza mkalimani.
"Sijambo," nikajibu,
na kalamu ya daktari ikaandika.

Laiti ningelizuia neno lile ulimini!
Lakini ndivyo nilivyolelewa Mikindani:
hata mwenye maiti ndani hujibu sijambo kwanza,
ndipo akalia.

Wakili alikwisha nionya kwa simu:
dhiki ya kawaida haitoshi, mama.
Kutengana, kukosa usingizi, mtoto kuisahau harufu ya baba yake,
hayo kila familia inayo.
Wanataka dhiki iliyopindukia.
Tena si yako. Ya Dadi, yeye ndiye raia.
Yako wewe itaingia kwenye faili
kama tu inamuumiza yeye.

Nilimwelewa. Nimekulia ghalani.
Karani hutumbukiza mkono guniani,
huzipasua korosho moja moja, hutazama:
hii nyeupe, daraja la kwanza,
hii ina madoa, weka kule.
Haulizi mwaka huo salfa ilichelewa kwa nani.

"Mumeo analala?"
Hulala ninapoamka. Nazijua pumzi zake za simuni tu.
"Anakula?"
Jumapili huniambia niiweke simu mkekani, karibu na sahani,
amwangalie Shazili akimenya ming'oko
mpaka wa mwisho.
"Ming'oko ni nini?" mkalimani akauliza.
Mizizi ya porini, nikasema, hakuna anayeipanda.
Unachimba hadi bega linaingia shimoni,
na ukivuta kwa haraka, inakatika,
kilicho kitamu kinabaki chini.
Akayatafsiri yote hayo kwa neno moja.
Nililisikia. Lilikuwa fupi.

"Sasa nitakupa namba.
Sifuri ni hapana kabisa, tatu ni karibu kila siku.
Kwa wiki mbili zilizopita, kadiri unavyojua,
mara ngapi mumeo amejiona hana thamani?"

Siku kumi na nne.
Nikazihesabu kwa vidole chini ya meza,
nikafika ile ya Jumanne, nikakwama.

Jumanne Dadi alinipigia akiwa ndani ya gari,
na aliponieleza kwa nini amelizima na hashuki,
aliniapisha kwa jina la mama yake:
hili, Somoe, liishie kwako.

Mke ni sitara ya mumewe. Nalijua hilo.
Niliambiwa unyagoni, niliambiwa tena siku ya kutolewa.
Ila hakuna aliyeniambia
kwamba ipo siku sitara yenyewe itaombwa mezani
ipasuliwe, itazamwe rangi yake.

"Likunda," nikaita, "zima mashine hiyo kidogo."

Nikasema.

Mkalimani, aliyekuwa akinidaka maneno kabla hayajaisha,
safari hii alichelewa.
Alinywa maji. Alisema kwa sauti ya chini, na sentensi zilikuwa ndefu.
Daktari akailaza kalamu.

Kuna kitu kilinifurahi tumboni,
kama mkulima anayesikia gunia lake limepita,
na furaha hiyo ndiyo iliyoniliza.

Likunda alitaka elfu tano, pamoja na nakala.
Nilimlipa, nikapitia sokoni kununua chumvi, nikasahau chumvi.

Usiku Dadi akapiga.
Aliuliza jino la Shazili limeng'oka lipi, la juu au la chini.
Aliuliza kama mabibo yameanza kunuka njiani.
Kuhusu daktari hakuuliza, nami sikusema.

"Wewe lakini hujambo?"
"Sijambo," akasema, upesi, kama mimi.

Nami gizani, bila kalamu,
nikaandika: tatu.