Waya wa Kijani

Aliileta kwa toroli, Bi Mwantumu Shekiondo,
katibu wa chama cha kuzikana, Barabara ya Kumi na Nne,
kompyuta imefunikwa kanga kama mgonjwa wa kupelekwa Bombo.
"Imezima jana alasiri," alisema. "Haikuaga."

Nilianza na ya kijinga, maana mara nyingi ndiyo yenyewe.
Luku ina uniti? Ina.
Soketi? Nikachomeka chaja, simu ikaitika.
Kebo? Nikaazima ya printa.
Nikabonyeza kitufe. Kimya.
Si kimya cha usingizi:
kimya cha mdaiwa aliyesikia hodi.

Nyuma, kile kiswichi chekundu cha volti kilikuwa mahali pake,
ingawa mjukuu, alikiri mwenyewe, hupenda kukichezea.

Basi bisibisi.
Skrubu ya tatu imeshikana na kutu.
Huku kwetu chumvi haingoji mchuzi,
inapanda na upepo kutoka Raskazoni
inatafuna bati usiku, watu wamelala.
Ndani, vumbi zito kama sufi ya mto,
na mjusi mmoja mkavu, mkia umelala mbali naye.

Nikachomoa mazabodi, diski, vyote,
pawa saplai nikaiweka peke yake mezani
kama shahidi aliyetengwa na wenzake.
Klipu ya karatasi nikaikunja,
ncha moja kwenye waya wa kijani,
ncha ya pili kwa mweusi, jirani yake:
hapo unaidanganya kwamba imeitwa.
Nikarudisha umeme.
Feni ikashtuka, robo mzunguko, ikasimama.
Waja leo, warudi leo.

Mita ikasema: penye tano kuna tatu na chenji,
penye kumi na mbili kuna saba,
na inashuka nikiitazama.
"Imekufa?"
"Inapumua, Bi Mwantumu. Ila haiwezi kubeba kitu."

Alinyoosha kidole, nikamzuia.
Hili nilifundishwa na mkono wangu wa kushoto
mwaka ule najifunza kazi kwa Kilua, Chumbageni:
plagi umechomoa, ukutani hakuna kitu,
lakini kapasita kubwa bado imeweka akiba yake,
haijapata habari.
Nikaipitishia balbu ya wati sitini.
Ikawaka njano, mara moja, ikafifia.
"Inna lillahi," akasema,
kisha akacheka, akaziba mdomo kwa upindo wa kanga.

Na kweli, pembeni pale, tatu zimevimba utosi
kama maandazi, moja imetoka uji wa kahawia.
Nikazing'oa. Nikang'oa nyingine
kwenye mashine ya steshenari iliyofungwa zamani,
nikatazama alama ya hasi mara tatu,
risasi ikayeyuka, na moshi wake,
harufu ambayo mke wangu haiwezi na mimi sijaichoka.

Klipu tena.
Feni ikazunguka. Ikaendelea kuzunguka.

Tulipounga vyote, skrini ikaandika
kwamba leo ni Januari mosi, elfu mbili na mbili.
Betri ya saa, ile bapa kama sarafu, nayo ilikuwa imechoka.
Akafungua daftari la chama: majina mia na kumi na tisa,
safu ya mwisho, tarehe za kufariki.
Singano Mbelwa, Mei 2009.
Mwanaidi Mhina, 2014, na watoto wake wawili chini yake.
Mstari wa sitini na mbili, baba yangu,
ada kamili, Agosti 2017.
Kwa saa ya ile mashine
hakuna hata mmoja ambaye siku yake imefika.

Nilikuwa na betri mpya kwenye droo. Elfu mbili.
Bi Mwantumu aliiona, nami niliona ameiona.
"Hiyo si lazima leo," akasema.
Akahesabu hela ya kapasita, ikapungua elfu tatu.
"Hizo niandikie."

Nikaandika jina, nikaandika kiasi.
Tarehe nikaiacha wazi.