Vuta, Achia

Kona ya tano kutoka kilele cha Abano
kitu kililia chini ya kiti, sauti ya mbuzi aliyekanyagwa,
kisha usukani ukafia mikononi mwangu.
Injini hai. Breki hai.
Usukani tu uliogeuka jiwe la kusagia.

Nikashuka. Chini ya Delica, juu ya theluji ya kwanza,
mafuta mekundu, tone, tone,
kama mtu anayekula komamanga bila adabu.
Mkanda wa chaji ulikuwa mzima;
wa pampu ulining'inia, umechanika kama utumbo.

Nyuma tulikuwa na viriba kumi na vinne vya jibini,
ngozi za kondoo zilizofungwa midomo, zikinuka kiangazi kizima.
Na kushoto kwangu, amepakata kofia,
Gela, shemeji yangu.
Hatujasemezana tangu matanga ya kaka yake,
kwa ajili ya nyumba moja ya mawe na zizi lisilo paa.
Alipanda kwa sababu gari jingine halikuwepo
na kesho barabara ingefungwa hadi Juni.

Usukani uko kulia, walivyouweka Wajapani;
kwa hiyo korongo lilikuwa jirani yangu mimi.
Gia ya chini. Magurudumu yote manne yakishika.
Nilijifunza upesi: usigeuze gari lililosimama.
Tairi lililotulia lina kiburi cha punda.
Liache lijiviringe kwanza, hata unyayo mmoja,
ndipo uliombe.

Kona ya sita nilivuta hadi bega likasema ndiyo basi,
na pua ya gari ikaendelea kutazama hewa.
Kidole kimoja hakivunji chawa, tunajua;
na mikono miwili, nikaona, haigeuzi tani mbili.
Miaka miwili nilikuwa nimemwekea akiba ya maneno,
makali, yaliyonolewa usiku.
Lililotoka ni hili:
"Vuta."

Akavuta.
Mkono wake ukapita juu ya wangu,
mkono wa mkata manyoya, una mafuta ya kondoo kwenye mikunjo,
na kidole gumba kifupi, kilekile, cha ukoo wao,
nilichodhani nimekizika.
"Achia."
Akaachia.
Usukani ukarudi wenyewe kwa hasira, ukanipiga kifundo.

Vuta. Achia.
Kona ya tisa kuna jiwe la Imeda dereva
na glasi yake ndogo iliyofungwa kwa waya.
Kila safari husimama, tukammiminia.
Utaniwia radhi, Imeda. Leo kusimama ni ghali.
Gela alivua kofia tukiwa tunatembea.

Vuta.
Maji ya mto yakavuka barabara, tukayavuka.
Achia.
Ukungu ukala kona mbili; tuliziimba kwa kukumbuka,
yeye akihesabu kwa sauti, mimi kwa meno.
Vuta, vuta, vuta, Gela, mama yangu!
— jiwe moja likaanguka, hatukulisikia likifika.
Achia.

Alvani tulifika taa zimewashwa.
Vidole vyangu vilikataa kufunguka;
vilibaki vimeshika duara la hewa,
na chai nilinyweshwa na mke wa fundi, kama mtoto.
Gela alishusha viriba. Akahesabu. Saba, saba.
Hakusema lolote kuhusu nyumba, wala mimi.

Asubuhi fundi aliweka mkanda mpya, akajaza mafuta,
akacheka aliposikia tumetoka wapi.
Nikawasha. Nikaukamata usukani kwa nguvu za jana
na gari likaruka upande kama ndama,
nusura tubomoe ukuta wa kanisa.
Sasa ulizunguka kwa kidole, mwepesi, hauna habari na mtu.

Kwenye pindo la kwanza, karibu na duka la unga,
mkono wa Gela ulikuja wenyewe,
ukasita hewani, mbele ya kifua changu,
haujui urudi au ushike.

Sikusema achia.