Mkono wa Kushoto

Kadhi aliniuliza jambo moja tu:
Alhamisi ile, baada ya alasiri,
akili ya Mzee Bwanaadi ilikuwepo?

Nikasema ilikuwepo.
Nikasema nilipovua viatu dakani nikaingia,
alinitazama akaniambia,
"Ndoo, fundi. Kanzu hini uloishona,
mkono wa shoto mfupi."
Na kweli ulikuwa mfupi. Nusu inchi.
Tangu Idi nilijua, nikadhani najua peke yangu.
Mtu anayekumbuka nusu inchi, nikasema,
hajapotea.

Karani akaandika.
Famau, mwanawe mkubwa, aliyekuja kutoka Mombasa
na mnunuzi wa nyumba ambaye ameshatoa arubuni,
akacheka kwa pua.

Wasia wa kwanza ulipigwa chapa, una muhuri,
ulilala miaka kumi na miwili kashani
pamoja na hati ya nyumba na pasi ya hija.
Lipeni deni, nizikeni, mengine mgawane kwa sheria.
Basi.

Wa pili ni ukurasa wa daftari la Nasra,
umechanwa kwa haraka, kona moja imebaki daftarini.
Upande huu: theluthi, yaani chini yote,
kisima, na kile chumba chenye zidaka,
iwe ya watoto wa marehemu Athmani na mama yao.
Upande wa pili: hesabu za kugawanya.
Arubaini na nane kwa tatu.
Nasra kaandika kumi na tano,
mwalimu kapiga kosa kwa wino mwekundu.
Wakili aliugeuza ukurasa ule mara tatu
kama mtu anayekagua samaki.

Siku kumi na moja baadaye tulimzika.

Wanasema Zamzam alimshika kidole.
Alimshika, nilikuwepo.
Dole gumba lilikuwa likitetemeka juu ya wino wa zambarau
na doa moja likaangukia shuka.
Nani mwengine angelishika?
Ndiye aliyekuwa akimgeuza ubavu usiku,
akimnywesha uji kwa kijiko cha dawa,
miaka minne, mumewe yuko kaburini,
na mke wa mwana si mrithi,
na watoto wa aliyetangulia, ami zao wakiwa hai,
hawana fungu.
Mzee alilijua hilo. Au Zamzam alilijua.
Au walilijua wote wawili, kila mmoja kimya kwake,
na kati yao bakuli la uji.

Mimi ni fundi cherehani, theluthi naijua kwa vidole.
Kunja kitambaa mara tatu:
kuna pande moja halionekani tena.

Hayo hayakuulizwa. Na hili pia halikuulizwa:
Mzee hakusema "fundi".
Alisema, "Ndoo, Shekue."

Shekue ni babangu.
Tulimzika mwaka ule maji ya mvua yalipoingia Langoni
hadi kwenye magunia ya mchele.
Mimi ni Omari.

Mama yangu naye huniita Shekue
nikiinama juu ya cherehani na taa iko nyuma yangu,
na mama yangu hajakosea hesabu ya sokoni hata siku moja.
Hivyo ndivyo nilivyojiambia
mkono wangu ukiwa juu ya Msahafu.

Lakini kuna kanzu za babangu bado mtaani,
zimegeuka rangi ya chai, wazee wanazivaa kwa kazi za nyumbani.
Nimezipima, moja baada ya moja, kwa kisingizio cha vifungo.
Zote, mkono wa kushoto, nusu inchi.
Mkasi wake ndio mkasi wangu.
Hakuniandikia popote.

Basi Mzee alikumbuka kanzu ipi?

Hukumu bado. Mlango wa chini una kufuli mbili,
ya Famau na ya Zamzam,
na punda wa jirani amezoea kujikuna hapo.
Jana Nasra alikuja na ile kanzu ya Idi,
imefuliwa, imekunjwa, inanukia udi:
mama anasema umtengenezee kaka, amerefuka.

Nimeufumua mkono.
Uko mezani tangu jana, nyuzi zimening'inia.
Sijaamua niurefushe huu
au niukate ule.